Ubao wa Bei

Ubao wa bei wa mkahawa wetu, nilipoukuta Juba, Sudan Kusini, Machi 2013, ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya mafuta. Fundi alikuwa amekaa na brashi nyembamba akachora herufi nyekundu zenye mikia: wali kwa samaki pauni 25, kuku nusu 35, chai ya maziwa 5. Rangi ya mafuta haifutiki kwa kitambaa. Nadhani yule fundi, pamoja na aliyemlipa, waliamini kwamba bei ni kitu cha kudumu kama jina la hoteli.

Kuufuta kukawa mzigo wangu. Nilikuwa mhasibu wa nyumba ya wageni iliyokuwa si mbali na mto, vyumba 22, kila chumba kontena lililotobolewa dirisha na kutiwa kiyoyozi. Kwa kuwa mhasibu ndiye aliyejua bei za sokoni, ubao ulihesabiwa kuwa daftari langu la pili. Mwanzo nilibandika vipande vya karatasi juu ya tarakimu. Kisha tukaupaka wote rangi nyeusi tukawa tunaandika kwa chaki. Mwisho tuliandika majina ya vyakula tu, na mbele ya kila jina pakawa patupu. Mgeni akiuliza bei, mhudumu alinitazama mimi, nami nilitazama simu.

Kwetu ni Changamwe. Kabla ya Juba nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, mshahara shilingi 32,000, na kila siku nilikuwa nikigonga mihuri kwenye makaratasi ya malori ya kwenda Juba. Saruji, mabati, maji ya chupa, bia, unga wa ngano, magodoro. Binamu yangu alitangulia huko kwa kazi ya ujenzi, naye ndiye aliyenipigia: tajiri mmoja Mweritrea anatafuta mhasibu anayejua Kiingereza na Kiswahili, atalipa pauni 4,500 kwa mwezi. "Zidisha kwa ishirini na nane," akaniambia. Nilizidisha. Nikazidisha tena nikiwa nimefunga mlango. Mama aliuliza swali moja tu, kama vita vya huko vimekwisha, nami nikamwambia vimekwisha tangu 2005, jibu ambalo wakati ule lilikuwa la kweli.

Ile ishirini na nane ilikuwa hesabu ya benki. Benki ilisema dola moja ni takriban pauni 3. Mtaani, chini ya miavuli, dola ilikuwa imepita pauni 4. Sisi tunaita sarafu kile kipande cha shaba mfukoni; Kiarabu kina ndugu yake, sarraf, yaani mtu anayebadilisha fedha, na Juba neno hilo lilikuwa binadamu mzima, amekaa kwenye kiti cha plastiki na mabulungutu yamefungwa mipira, hana hofu ya mwizi. Mshahara wangu wa kwanza, ambao kwa benki ulikuwa shilingi 126,000, kwake ulikuwa kama 90,000. Nilihisi nimeibiwa. Binamu alicheka. "Hiyo ya benki ni ya kuangalia," alisema. "Hii ndiyo ya kula."

Bado ilikuwa karibu mara tatu ya nilichopata bandarini, kwa hiyo sikulalamika sana. Nililalamikia zaidi gharama. Watu hudhani nchi iliyotoka vitani huwa rahisi, vitu vya bei poa, chumba cha kupanga kwa senti. Juba ilikuwa ghali kuliko Nairobi kwa karibu kila kitu nilichoweza kukitaja. Chumba chetu cha kontena kililipiwa dola 120 kwa usiku, na watu walipanga foleni. Hapakuwa na umeme wa mji wa kutegemea. Jenereta yetu ilikula dizeli usiku na mchana, na mafundi wawili walilala karibu nayo kama walinda mgonjwa. Maji yalikuja kwa malori ya matangi kutoka mtoni. Nyanya zililetwa na akina mama wa Uganda hadi soko la Konyokonyo. Mayai Uganda, ndizi Uganda, sukari Uganda au Kenya, hata maji ya kunywa kutoka nje, yapitie Malaba, Gulu, Elegu, Nimule, kisha kilomita 192 za lami, lami ambayo ilikuwa haijatimiza mwaka. Kila kilichowekwa mezani kilikuwa kimelipiwa kwa dola mahali fulani njiani. Halafu mlaji analipa pauni. Hapo ndipo shida yote ilipokuwa imelala, ila mwaka ule ilikuwa bado imelala.

Pauni yenyewe ilikuwa changa. Ilianza kutumika Julai 18, 2011, siku tisa baada ya uhuru, na kila noti ilikuwa na uso wa John Garang, kiongozi wa vita vya ukombozi. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya 100. Nguvu yake ilikuwa mafuta: takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali. Mafuta hayo hupita kwenye bomba la Sudan hadi Bandari ya Sudan, na Januari 2012, kwa ugomvi wa ushuru wa bomba, Juba ilifunga visima vyake yenyewe. Nilipofika, dola za mafuta zilikuwa zimekatika kwa zaidi ya mwaka. Aprili mafuta yakaanza kutiririka tena, na tajiri wetu akanunua jenereta ya pili.

Novemba mwaka ule benki kuu ilitangaza kwamba dola sasa ni pauni 4.50. Nilibandika karatasi mpya ubao mzima. Wabunge wakaja juu, tangazo likaondolewa baada ya siku chache, nami nikazibandua kabla gundi haijashika vizuri. Nikimkumbuka gavana wa benki hiyo sasa namwonea huruma. Alijaribu kusema ukweli nusu, wakati ukweli nusu ulikuwa bado unatosha. Mwezi uliofuata, usiku wa Desemba 15, milio ya risasi ilianza upande wa kambi za jeshi, na tukaacha kuzungumzia bei kwa muda.

Sitaeleza vita. Wengine wameeleza, na waliopoteza watu wana haki zaidi. Nitasema tu kwamba nilirudi nyumbani kwa wiki sita, nikarudi Juba Februari, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameingia chuo kikuu na karo haijui vita. Nilipomkuta mpishi wetu jikoni kama vile hakuondoka, nilimkumbatia nikalia. Tutamwita Mama Mapacha, maana ndivyo sote tulivyomwita. Alikulia kambi ya Kakuma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha huko kwetu Kenya lakini kimekauka kama Turkana, hakina mapambo. "Umekonda," aliniambia. "Kaa, kula."

Mwaka 2014 ukapita hivyo, na katikati yake bei ya mafuta duniani ikaanza kuporomoka. Pipa lililokuwa zaidi ya dola 100 liliishia chini ya 40 mwishoni mwa 2015, na kila pipa bado lilidaiwa zaidi ya dola 20 na Sudan kwa kupita bombani. Vita vilikuwa vimefunga baadhi ya visima. Benki ikaendelea kusema dola ni pauni 2.96. Mtaani ikawa 5, ikawa 7, katikati ya 2015 ikapita 10.

Hapa naomba nieleze kidogo jinsi mchezo ulivyokwenda, maana hata ndugu zangu wa Mombasa walidhani nawaongopea. Mtu mwenye barua nzuri aliingia benki na pauni 29,600 akatoka na dola 10,000. Alivuka barabara akaziuza kwa pauni 100,000 na zaidi. Kesho yake, kama barua ilikuwa bado nzuri, alirudi. Hakuuza hata kijiko. Kwa hiyo bei ile ya benki, ambayo sisi tuliidhihaki kuwa ni ya kuangalia, kwa watu fulani ilikuwa shamba linalovunwa kila siku, na mwenye shamba hana haraka ya kuling'oa.

Nami nilitaka nivune kidogo, sitajificha. Kulikuwa na utaratibu wa kuwauzia dola kwa bei ya benki wenye wagonjwa na wanafunzi nje ya nchi. Agosti 2015 nilikwenda na barua ya chuo cha mdogo wangu, pasipoti, barua ya mwajiri, na pauni 9,000 nilizokuwa nimeziacha kwenye akaunti. Kwa 2.96 zilikuwa dola 3,040. Karo ya miaka miwili pamoja na chumba. Karani alinipokea vizuri, akaandika jina langu kwenye daftari, akasema "bukra", kesho. Nilikwenda Septemba. Nilikwenda Oktoba mara tatu. Daftari lilikuwa palepale, jina langu palepale, na waliokuja baada yangu wakiwa na miwani ya jua na walinzi hawakuandikishwa popote. Walipita mlango wa pembeni. Novemba nilikuwa nikienda tu kwa sababu sikuweza kujizuia, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Desemba 15, 2015, miaka miwili kamili tangu milio ile ya kwanza, benki kuu iliiachia pauni. Asubuhi dola ilikuwa 18.50. Akiba yangu ya dola 3,040 ilikuwa sasa dola 486. Nilijua, kwa akili, kwamba sikuporwa chochote siku ile. Mtaani zilikuwa na thamani hiyo hiyo jana yake. Lakini nililia kwenye choo cha wafanyakazi kwa ajili ya zile dola 2,554 ambazo hazikuwahi kuwepo. Kisha nikanawa uso nikaenda kufuta ubao.

Hapo ndipo tulipoingia kwenye chaki. Pia hapo ndipo siku ya mshahara ikawa mbio.

Tulilipa tarehe 28, saa nne asubuhi. Noti kubwa ilikuwa bado ya 100, kwa hiyo mshahara wa watu 14 nilileta kutoka benki katika mfuko wa nailoni, ule wa mistari wa kubebea nguo safarini. Kila mtu alitia sahihi, akapewa bulungutu lake, akatoka mbio. Sisemi kwa mfano. Mama Mapacha alivua aproni akiwa tayari mlangoni, akapanda boda hadi Konyokonyo kununua unga, mafuta na sabuni za mwezi mzima kabla wauzaji hawajajua leo dola imeamkaje. Askari wa zamu ya usiku, aliyestahili kuwa amelala, alisubiri getini tangu alfajiri. Mimi nilikimbilia kwa sarraf. Tajiri alizoea, chakula cha mchana tarehe 28 kikawa mkate na sardini, na wageni wa kudumu wakaiita sikukuu ya sardini. Bulungutu lililolala usiku mmoja liliamka limekonda. Hata wale waliokuwa hawajui kusoma walijua hilo.

Njia zangu za kutuma fedha nyumbani nazo zilizibika moja baada ya nyingine. Awali nilikuwa na mfanyabiashara wa vipuri, Mkenya mwenzangu. Nampa pauni Juba, mkewe Nairobi anamtumia Mama kwa M-Pesa, jioni ileile. Ilikuwa safi kabisa. Siku moja mwaka 2016 aliutazama mfuko wangu, akanirudishia. "Dada yangu, pauni zako zina nini ambacho zangu hazina? Mimi mwenyewe nina za kuezekea nyumba."

Nikaenda kwa tajiri. Nilimwambia kwamba pauni zangu 4,500 kwa bei ya mtaani sasa hazifiki dola 200, na kwamba bandarini nitapata zaidi kwa kugonga mihuri. Alifikiri muda mrefu, akichezea tasbihi, kwani alijua kwamba mimi ndiye nijuaye vyumba vinalipiwa nini. Vyumba havikuwahi kuuzwa kwa pauni. Dola zake ziliingia kama kawaida, wakati mishahara ya watu, aliyoipandisha kidogo kidogo kwa pauni, ilizidi kumpungukia kila mwezi bila yeye kufanya lolote. Kwa tajiri anayeuza kwa dola na kulipa kwa pauni, ule ulikuwa mwaka mzuri. Alikubali kunilipa dola 400, katika bahasha, na sharti moja: wengine wasijue. Kwenye karatasi ya mishahara jina langu libaki na pauni 4,500. Nitie sahihi mbele yao, nichukue bulungutu, halafu jioni nilirudishe kwenye kasha.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mara mbili alinitilia kwenye bahasha noti za mwaka 2001. Juba hakuna sarraf aliyegusa dola iliyochapishwa kabla ya 2006. Walitaka zile za vichwa vikubwa, zisizokunjwa, na za 100 kwa bei bora kuliko za 20 au 10, kana kwamba dola moja ndani ya mia ni dola zaidi. Sijui kama alikusudia. Nilizihifadhi ndani ya Kurani yangu ndogo, nikasema zitatumika Mombasa.

Wakati huo wageni waliolipwa dola na mashirika yao walianza kufurahi. Bia iliyokuwa karibu dola tatu ilishuka ikawa chini ya moja. Mshauri mmoja wa miradi ya maji, mtu mpole, Mzungu aliyekuwa akija na kuondoka tangu kabla ya uhuru, alikaa kaunta jioni moja akasema kwa dhati kwamba hatimaye Juba imekuwa mji wa gharama nafuu. Hakuwa na ubaya. Aliacha bakshishi nzuri kila mara. Nilitabasamu, nikamwandikia hesabu, na nilipogeuka nilimwona Mama Mapacha amesimama kwenye kidirisha cha jikoni. Kiingereza alikijua vizuri. Shule za Kakuma zilimpa. Alikuwa akifuta sahani ambayo ilikuwa kavu tayari.

Julai 2016 mapigano yalirudi, siku nne mjini kwenyewe. Nilizipitisha chini ya kitanda cha chuma pamoja na wahudumu wawili, tukinywa maji ya tangi la choo. Jeshi la Uganda lilikuja kwa msafara kuwachukua watu wake, na Konyokonyo ikabaki bila nyanya. Mimi nilipata ndege ya kurudi Nairobi. Nilirudi tena Septemba. Watu wameniuliza kwa nini. Nilikuwa nadai bahasha mbili, na Changamwe hakuna aliyekuwa akitoa dola 400. Ni jibu la aibu, lakini ndilo.

Dola ilikuwa sasa 70 na kitu, na ilielekea 100 kabla ya mwaka kwisha. Takwimu za serikali za Oktoba zilisema bei zimepanda kwa zaidi ya asilimia 800 katika mwaka mmoja. Namba kama hiyo haimwingii mtu kichwani. Mimi iliniingia kwa chai. Mama aliyeuza chai chini ya mwembe mkabala na geti letu aliuza kikombe pauni 1 nilipofika. Sasa ilikuwa 10, na kikombe kilikuwa kidogo zaidi. Mama Mapacha alilipwa pauni 3,000. Mwaka 2013 alilipwa 1,200, na kwa zile 1,200 alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Gudele, akasomesha mapacha na kumnunulia mama yake redio. Elfu tatu za sasa zilikuwa dola 40, na zilikuwa zikipungua tunapozungumza. Mapacha na bibi yao walikuwa wamevuka kwenda Uganda baada ya Julai, wako makazi ya wakimbizi Adjumani.

Tarehe 28 Oktoba nililipa kama kawaida. Mfuko wa nailoni, sahihi, mabulungutu, mbio. Nikabaki mezani nikifunga daftari. Nilipoinua uso, Mama Mapacha alikuwa bado amesimama, aproni mwilini, bulungutu lake mkononi.

"Huendi sokoni?" nikamuuliza.

"Nakuangalia."

Nikanyamaza.

"Mwaka huu wote nakuangalia. Siku ya mshahara sisi tunakimbia. Wewe ulikuwa unakimbia kutupita. Sasa unatembea." Alisubiri kidogo. "Madam, mtu hatembei na pauni."

Hakuwa amewahi kuniita Madam kabla ya hapo. Nilikuwa Dada. Ningeweza kumwongopea, nilikuwa na uongo wa kutosha. Badala yake nilivuta droo nikamwonyesha bahasha. Hakuishika. Aliuliza ni ngapi, nikamwambia. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia: "Basi mwambie atulipe unga."

Lilikuwa ombi la kihasibu kuliko lolote nililowahi kusikia. Hakutaka dola, alijua hatapewa. Alitaka mshahara uliofungwa kwenye kitu ambacho hakiwezi kukonda usiku. Usiku ule nilipiga hesabu kwa tajiri kama mtu anayelipa deni, na labda nilikuwa nalilipa. Nilimwonyesha kwamba akinunua kwa jumla Elegu, lori moja, itamgharimu kidogo kuliko atakavyopoteza jiko likisimama. Alibishana kwa wiki mbili. Tangu Novemba kila mfanyakazi alipata gunia la kilo 25 za unga, lita tano za mafuta ya kupikia, na pauni kidogo juu. Nikaongeza safu mpya kwenye daftari: unga.

Mtaani kwao gunia likageuka benki. Waliuza kwa malwa, lile kopo la kupimia linalochukua kama kilo tatu na nusu, malwa moja kwa wakati, siku wanayohitaji fedha, kwa bei ya siku hiyo. Askari wa usiku alikodi chumba kwa malwa mbili kwa mwezi. Mimi nikawa mtu wa kuaminika tena, ingawa Mama Mapacha aliendelea kuniita Madam hadi Krismasi.

Machi 2017 serikali ilitangaza ada mpya za vibali vya kazi kwa wageni: dola 10,000 kwa wataalamu, 2,000 kwa mafundi, 1,000 kwa vibarua. Nilipiga hesabu kwa mazoea. Mshahara wangu wa miezi 25, nisile wala kutuma. Ada hiyo ilisimamishwa baadaye, lakini tajiri alikuwa ameshakata shauri kwamba vyumba havijai tena na mhasibu ni anasa. Alinishukuru, akanipa bahasha ya mwisho. Niliikagua mbele yake, noti moja moja, mwaka mmoja mmoja. Hakuchukizwa. Nadhani aliniheshimu zaidi siku ile kuliko miaka yote minne.

Siku ya kuondoka Mama Mapacha alinipa mfuko wa plastiki mweusi. Ndani mlikuwa na pauni 5,000. Basi langu lingesimama Elegu upande wa Uganda. Bibi angeshuka kutoka Adjumani na watoto. Nibadilishe pauni, nimpe shilingi za Uganda, za viatu na daftari. Alikuwa ameuza malwa ngapi kupata zile sikumuuliza. "Usizilaze, Dada," alisema. Dada.

Barabara ya Nimule ilikuwa imejaa mashambulizi mwaka ule, mabasi yalikwenda kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma. Tulifika mpakani jua likiwa la saa nane. Wabadilishaji wa Elegu waliutazama mfuko mweusi wakacheka wao kwa wao. Wa kwanza alikataa kabisa. Wa pili alinitajia kiasi ambacho kingenunua kiatu kimoja, si pea. Wa tatu aliongeza kidogo, akasema kesho hataweza kutoa hata hicho. Nilimpa.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha kibanda cha chapati, mwanamke mrefu, mwembamba, na mapacha wawili wa kike wa miaka kama tisa wamesimama kila upande. Nilimpa zile shilingi. Alizihesabu, akazihesabu tena, akamtazama mmoja wa mapacha kama anayeuliza kama ndizo zote. Nilifungua bahasha yangu nikatoa noti ya dola 50, mpya, haijakunjwa, nikaiweka juu ya zile shilingi, nikasema mama yao ameituma pia.

Bibi aliitoa, akaikunjua ingawa haikuwa na mkunjo, akaiinua kwenye jua akaitazama kwa muda. Kisha akamwambia mtoto jambo kwa lugha yao.

"Bibi anauliza," mtoto akasema, "ni ya mwaka gani?"